Mabomba Mawili ya Kona ya Mawe

Uliangalia kando. Usikunje uso, unakumbukwa. Ulikuwa kwenye foleni ya kizuizi cha Kona ya Mawe, umevaa shati la kitenge, na mbele yako palikuwa na pikapu ya kuazima yenye bomba moja la moshi. Nyuma ya pikapu ile alilazwa Tatu binti Mwantumu, uchungu wa uzazi umemkamata tangu asubuhi. Ulimsikia. Sote tulimsikia. Ukainama ukajifanya unafunga kamba za viatu, na siku ile ulikuwa umevaa ndala.

Basi tuyaache hayo. Jamhuri ya Utulivu ni nchi ya watu wapole, na mtu mpole hatazami kila kitu.

Sheria ya Heshima ya Barabara katika Jamhuri ile ni nyepesi, hata mtoto anaijua. Gari lenye bomba moja la moshi husubiri kizuizini mpaka liambiwe. Gari lenye mabomba mawili hupita, na likipita, kila aliye kando ya barabara husimama, huvua kofia, huelekeza uso kule gari litokako na kuinamisha kichwa mpaka vumbi litulie. Wataalamu wameeleza hekima ya sheria hii redioni kwa ufasaha mkubwa. Moshi ukitoka mahali pawili, walisema, ni dalili kwamba mwenye gari naye anafikiri mahali pawili.

Vijana hudhani mambo yalikuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Bi Mwantumu hakuwa kijana. Aliuza uji pale kizuizini tangu kizuizi chenyewe kikiwa kamba ya katani yenye kitambaa chekundu katikati, na alikumbuka vizuri kwamba kabla ya mabomba heshima ilikuwa pazia. Gari lenye pazia dirishani lilipita. Wauza mboga walipoanza kutundika khanga za wake zao kwenye madirisha, pazia likafutwa, ikaja bendera. Watu wakashona bendera. Ndipo Baba wa Utulivu aliporudi kutoka ng'ambo, alikokwenda kung'oa jino, akiwa na gari lenye mabomba mawili ya kung'aa, na taifa likapewa mapumziko ili lipate kuyatazama. Bi Mwantumu aliyasema hayo hadharani huku akikoroga uji. Mtu mwenye kumbukumbu ndefu katika nchi ile ni kama mwenye kikohozi kibaya: watu humsalimu, lakini hukaa mbali kidogo.

Tatu alifia pale pale. Msafara wa Naibu Waziri wa Michezo ulikuwa unapita kwenda kufungua mashindano ya bao. Bi Mwantumu alikuwa ameshika mkono wa binti yake, na askari wa kizuizi, Koplo Pazi, akamwambia kwa adabu, "Mama, simama, heshima inapita." Akasimama. Ili asimame vizuri, ilimbidi auachie ule mkono. Aliporudi kuushika, haukumshika tena.

Naibu Waziri alituma salamu za rambirambi. Zilipita kizuizini bila kusimama.

Baadaye Kona ya Mawe ilijaliwa kupata gari la wagonjwa. Lilitoka kwa wafadhili, gari la porini hasa, tumbo liko juu, magurudumu yote manne yanavuta. Bandarini likavuliwa bomba la moshi kwa sababu za usalama wa taifa, ili Serikali ipate nafasi ya kuwaza kwa kina: liwekewe bomba moja, au mawili? Likaegeshwa uani mwa zahanati, likapigwa marufuku kuwashwa hadi uamuzi utolewe. Kuku wakalipenda. Wizara ikatoa taarifa kwamba huduma imeshaanza kuwanufaisha wakazi.

Wakati huo Chausiku, mdogo wake Tatu, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Muuguzi wa zahanati alimpapasa tumbo, akapapasa tena, akamwambia mama mtu kwamba mtoto amejilaza kingo kwa kingo kama mgeni aliyepewa kitanda kizima, na asipogeuka hapa zahanatini hazaliwi. Ni wa hospitali ya mkoa, na hospitali ya mkoa ilikuwa ng'ambo ya mto, ng'ambo ya kizuizi.

"Liwe na mabomba mawili," alisema Bi Mwantumu.

"Liwe na moja," alisema Limbu, dereva aliyeajiriwa kuendesha gari lisiloruhusiwa kwenda popote. Alikuja kunywa uji kila asubuhi na kila asubuhi waligombana. "Mama, mimi ndiye nitakayeshika usukani. Njia ile unaijua. Bomba moja nitalipitisha juu, ubavuni, halitagusa jiwe wala maji. Ukinibebesha la pili, litaning'inia chini huko kama mkia wa fisi. Jiwe la kwanza tu limeng'oka. Tukiingia mtoni likameza maji, injini imekufa, na mimi na mgonjwa wako tunaogelea."

"Na kizuizini je?"

"Kizuizini si kazi ya dereva."

"Tatu hakufia mtoni, Limbu."

Limbu akapiga funda, akaangalia ndani ya kikombe. "Sukari umepunguza."

"Sukari ni ileile. Mdomo wako ndio umechacha."

Lakini maneno ya Limbu yalibaki kichwani mwake siku nzima kama punje ya mchele kwenye jino. Kama bomba la pili halivuki mawe, waheshimiwa wao huvukaje? Maana walivuka. Kila kiangazi walipita Kona ya Mawe na mabunduki yao kwenda kuwinda kanga ng'ambo ya mto, na kila mara walirudi na kanga, na mabomba yao mawili yakiwa yanang'aa bila hata kukwaruzwa.

Alianza kuwatilia shaka. Kwa kweli alikuwa akiwatilia shaka tangu enzi za pazia, ila sasa shaka ilipata mahali pa kukaa.

*

Waziri wa Moshi na Heshima, Mheshimiwa Lugendo, alikuja mwenyewe kuwasikiliza wananchi. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Watu walikalishwa kwa mistari, nyuso zikiuelekea uso wa gari lake, kama sheria inavyotaka. Gari lenyewe liliachwa linanguruma wakati wote wa mkutano, ili ubaridi wa ndani usimtoroke Mheshimiwa kabla hajarudi.

"Ndugu wananchi watulivu," alisema, na watu wakatulia zaidi. "Kuna watu wanasema Serikali imelilaza gari lenu. Serikali hailazi gari. Serikali inalitafakari. Tuliunda Tume ya Bomba Moja. Tukaunda Tume ya Mabomba Mawili. Kusudi kusiwe na upendeleo, tukaunda Tume ya Kuzisikiliza Tume. Zote zimesafiri nchi za nje, zimeyaona mabomba ya wenzetu kwa macho yao, nyingine zimepiga nayo picha. Na baada ya jasho lote hilo, tumefikia uamuzi mzito, kwamba uamuzi ni wenu."

Makofi.

"Mkichagua bomba moja, gari ni lenu, litabaki hapa, na litasubiri pale kizuizini kama magari mengine yenye adabu. Mkichagua mawili, litapita bila kusimama hata kidogo. Ila mjue, ndugu zangu, gari la mabomba mawili ni gari la heshima, na sheria hairuhusu gari la heshima kubeba mtu anayelia. Hilo itabidi lije kwangu, nilitunze kwa niaba yenu. Kuna swali?"

Katika Jamhuri ile, kiongozi akiuliza kama kuna swali huwa anavaa miwani ya jua wakati huohuo. Bi Mwantumu alikwisha kusimama.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba, Mama."

"Gari lako wewe, likienda kule kwenye kanga, likavuka yale mawe, bomba la pili haligongi?"

Mheshimiwa alitabasamu kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto mbele ya wageni. "Mama yangu, heshima haigongi mawe."

Watu wakapiga makofi tena, wengine kwa sababu jibu lilikuwa zuri, wengine kwa sababu jirani alikuwa anapiga. Bi Mwantumu hakupiga. Alichukua ndoo yake ya makapi ya uji, akazunguka kwenda kuyamwaga nyuma ya gari la Mheshimiwa, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Fikiri kidogo kuhusu mahali pale. Katika Jamhuri nzima hapakuwa na raia aliyewahi kusimama nyuma ya gari la heshima na kulitazama. Likiwa limesimama, nyuso ziko mbele yake. Likipita, vichwa viko chini. Sheria ilikuwa imepanga macho ya taifa zima kwa ustadi hata sehemu ile ikabaki kama mgongo wa mtu mwenyewe: kila mmoja anajua upo, hakuna aliyeuona.

Bi Mwantumu akamwona nyigu. Alikuwa nyigu wa kawaida, wale wenye kiuno chembamba wanaojenga nyumba za tope kwenye kona za dari, amekumbatia donge la tope bichi. Akazunguka mara moja, akaingia ndani ya bomba la kulia la Mheshimiwa Waziri wa Moshi. Baada ya muda akatoka bila tope, hana haraka, kama fundi anayekwenda kuongeza udongo.

Gari lilikuwa linanguruma. Moshi ulikuwa unatoka. Na nyigu alikuwa anajenga.

Bi Mwantumu akaweka ndoo chini. Akanyoosha mkono wa kushoto akagusa bomba la kushoto, na ngozi ya kiganja ikababuka pale pale, akauma midomo. Akanyoosha wa kulia akalishika bomba la kulia. Lilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Akaingiza kidole, kikapita kwenye vijumba vya tope, kikagota kwenye bati. Halikwenda popote. Lilikuwa kipande kifupi tu, kimezibwa ndani, kimefungwa kwa waya chini ya bampa.

"Wewe Mama, unafanya nini huko?" Mlinzi wa Mheshimiwa alikuwa amesimama kwenye kona ya gari.

"Namwaga makapi, mwanangu."

"Huko nyuma hapaendwi."

"Ndiyo maana pasafi," alisema Bi Mwantumu, akaondoka na ndoo yake.

Aliporudi mkutanoni, watu walikuwa wanapiga kura kwa mikono. Wanaotaka bomba moja? Mikono yote ikapanda. Bi Mwantumu naye alinyoosha wa kulia, wa kushoto ukiwa ndani ya sufuria la maji. Limbu alimwangalia kwa mshangao. Mheshimiwa aliwapongeza kwa kuchagua kwa hiari, akaingia kwenye ubaridi wake, na wote wakainamisha vichwa. Wote isipokuwa mmoja, na hakuonekana, kwa kuwa wa kumwona walikuwa wameinama.

*

"Baridi?" Limbu aliuliza.

"Baridi. Na nyigu ndani."

Limbu alikaa juu ya kinu cha Bi Mwantumu akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akaacha ghafla, akaangalia mlangoni. "Mama, hilo usimwambie mtu."

"Nimekwambia wewe."

"Usiniambie na mimi." Akaurudisha mlango. "Kwa hiyo na wao wanajua. Moja linatosha."

"Wanajua tangu mwanzo. Mawe yale yale, mto ule ule. Sisi ndio tuliofundishwa kuhesabu." Alikifungua kiganja chake cha kushoto, akakitazama. "Lifunge bomba lako moja, Limbu, ulipitishe juu unavyotaka. La pili nitalitoa mimi."

Chumbani palikuwa na kitanda cha chuma alichokuwa akilalia Tatu. Hakuna aliyekilalia tangu siku ile. Kilitandikwa tu, kila Ijumaa. Bi Mwantumu alikipindua, akafungua mguu mmoja, ule wa upande wa ukutani. Ulikuwa mtupu ndani, mnene kama bomba la moshi, chini una kiatu cha mpira. Limbu aliupaka rangi ya fedha iliyobaki kwenye mageti ya msikiti. Kile kitanda wakakiegemeza kwenye matofali.

Uchungu ulimshika Chausiku mchana kweupe, siku ya gulio. Mtoto hakuwa amegeuka. Walimpandisha kwenye gari la wagonjwa, kuku wakateremka kwa manung'uniko, na Limbu akalitia moto. Mawe waliyapita. Mtoni maji yalifika mlangoni, bomba likiwa juu ubavuni linapumua kama kiboko, na Chausiku nyuma akiuma upindo wa khanga. "Mama," alisema, "tukifika pale usiniachie mkono."

Kabla ya kona ya kizuizi, Limbu alishuka akaufunga mguu wa kitanda kwa waya chini ya bampa. Foleni ilikuwa ndefu. Alipita pembeni yake moja kwa moja, honi juu, kama wanavyofanya wenyewe.

Watu wakainuka na kuvua kofia. Uliinuka na wewe.

Koplo Pazi alitoka kibandani akaweka vizuri mkanda. Aliutazama uso wa gari, akamwona Limbu, akamwona Bi Mwantumu nyuma akiwa amekaa, ameshika mkono wa mtu. Akazunguka kwenda kuhesabu, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa. Bi Mwantumu alimwona kupitia kioo cha nyuma. Koplo alihesabu la kwanza. Akahesabu la pili, na hapo akasimama.

Kiatu cha mpira. Walikuwa wamesahau kukivua. Bomba la pili la gari la wagonjwa la Kona ya Mawe lilikuwa limevaa kiatu, cheusi, kama mguu wowote wa kitanda katika nyumba yoyote ya Jamhuri ya Utulivu.

Chausiku akalia, sauti nene, ile ile ya dada yake, mahali pale pale. Gari la heshima haliruhusiwi kubeba mtu anayelia.

Koplo Pazi akaja dirishani. "Mama," alisema taratibu, "lile bomba lako limevaa."

"Limevaa, Koplo. Gusa uone kama ni baridi. Halafu uje uguse na ya wenyewe."

Koplo aliangalia barabara, akaangalia foleni iliyoinamisha vichwa, akauangalia ule mkono ulioshikwa. Alikuwa na miaka mingi pale, na mgongo wa gari ndiyo sehemu pekee aliyoruhusiwa kuijua.

"Mimi huhesabu tu, Mama," alisema. "Sikuajiriwa kupima joto." Akarudi nyuma, akagonganisha visigino, akapiga saluti. "Mabomba mawili. Fungua."

Chausiku alipasuliwa, akapata mtoto wa kiume mwenye kichwa kikubwa na hasira. Wote wawili wazima.

*

Habari ya namna hii haikai ndani. Kwa muda mfupi vitanda vya nchi nzima vilianza kuchechemea. Pikapu za mboga, magari ya mchanga, hata mkokoteni mmoja wa punda ulipita Kona ya Mawe na mabomba mawili, na punda akapigiwa saluti. Wizara ikashtuka. Mheshimiwa Lugendo akatangaza kwamba kuanzia sasa heshima ni mabomba matatu, na kwamba ni kosa kwa raia yeyote kuinama, kuchuchumaa au kumwaga makapi nyuma ya gari la Serikali. Koplo Pazi akahamishiwa mahali pasipo na barabara. Gari la wagonjwa likaruhusiwa kuendelea na kazi kwa bomba lake moja, yaani kuendelea kusubiri.

Bi Mwantumu walimkamata akikoroga uji. Shtaka linasema aligusa heshima ya taifa kwa kiganja, na kusambaza uvumi kwamba ni baridi. Mlinzi wa Mheshimiwa alitoa ushahidi wa ndoo. Mguu wa kitanda umelala mezani kama kielelezo, na kiatu chake. Bi Mwantumu alisimama kizimbani akainua viganja vyote viwili, cha kushoto kina kovu, cha kulia hakina kitu.

"Gari la Mheshimiwa liko hapo nje linanguruma," alisema. "Twendeni tukashike."

Hakimu, mtu mwungwana, alisikitika kwamba sheria mpya inamzuia kuinama. Lakini kwa ajili ya haki akauliza: je, katika Jamhuri nzima yupo mtu mwingine hata mmoja aliyewahi kulishika bomba la pili? Akijitokeza, mama huyu anakwenda nyumbani. Asipojitokeza, uvumi ni wa mtu mmoja, na mtu mmoja hufungwa.

Watu waliojaa ukumbini wakatazama viatu vyao. Na wewe ulikuwamo. Shati lilelile.

Hakimu ameahirisha mpaka baada ya chakula cha mchana. Anakula taratibu, lakini atamaliza. Pale Kona ya Mawe, muda huu unaposoma, kuna gari la bomba moja limesimamishwa, na ndani kuna mtu anaugua. Na hapo nje ya dirisha lako kuna gari limeegeshwa, linang'aa, linanguruma ili ubaridi usitoroke. Unalisikia. Umekuwa ukilisikia tangu mstari wa kwanza.

Huna kamba za kufunga. Weka hiki unachosoma chini, toka, zunguka nyuma ya gari, na uweke kiganja chako kwenye bomba la kulia. Kisha njoo mahakamani nacho kikiwa kizima, ukiinue juu ya vichwa vyao. Nenda sasa, kabla hakimu hajanawa mikono.